Ruaha Mkuu na mabanio ya Usangu: mto uliokatika kiangazi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu, kusini mwa Tanzania, ulikuwa unapungua kila kiangazi, lakini kwa kawaida haukatiki. Mwishoni mwa 1993 ulikatika. Pale Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, palibaki mchanga na madimbwi. Viboko walisongamana kwenye madimbwi hayo, na tembo wakawa wanachimba mchanga kufuata maji ya chini. Mwanzoni ilikuwa wiki chache tu za ukavu. Kufikia mwisho wa muongo ule zilishakuwa miezi. Tangu wakati huo mto huu umekatika karibu kila mwaka.

Kisa cha Usangu, bonde la juu ambako mto huu unapata maji yake, kimezungumzwa bungeni, kwenye vyuo, kwenye vikao vya wafadhili na vijiweni Rujewa, mji wa wilaya ya hukohuko. Karibu kila mara swali la kwanza limekuwa: nani kachukua maji? Wafugaji? Wakulima wa mpunga? Mashamba makubwa? Waliokata miti milimani? Mimi naamini swali hilo lilitangulizwa kabla ya wakati wake, na ndiyo maana dawa nyingi hazikufanya kazi. Lililopaswa kutangulia ni: maji yamepungua mwezi gani? Ukilijibu hilo, mengine yanajipanga.

Bonde lilivyo

Usangu ni uwanda mpana katika Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Kusini yake imesimama milima ya Kipengere na Uporoto. Huko juu kuna sehemu zinazopata mvua ya milimita 1,600 kwa mwaka. Chini uwandani ni kati ya 500 na 700, tena kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi kinabaki kirefu na kikavu kabisa. Kwa hiyo maji yanayotumika uwandani miezi hiyo yote yametoka milimani, kupitia mito michache isiyokauka: Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera.

Mito hii inashuka ghafla, inakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na hapo kwenye miguu ya milima, kwenye udongo mzuri, ndipo mpunga ulipo. Mto ukishavuka mashamba unaingia mbugani na kujikusanya kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni sinia: pana, lenye kina kidogo, na lina sehemu moja tu ya kumwagia, kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiwa chini ya kizingiti, hakuna kinachotoka, hata kama ndani ya kinamasi bado kuna maji ya kutosha samaki na ndege. Kutoka Ng'iriama mto unaingia hifadhini, kisha Bwawa la Mtera, kisha Bwawa la Kidatu, kisha Mto Rufiji.

Kilimo cha umwagiliaji hakikuanza jana. Kabla ya uhuru Wabaluchi (watu wenye asili ya Baluchistani, Asia) waliokuwa wamehamia Usangu walikuwa tayari wanachimba mifereji na kulima mpunga. Miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO lilijengewa shamba la Mbarali kwa msaada wa China, kiasi cha hekta 3,000 na ushei. Baadaye likafuata Kapunga, la ukubwa unaokaribiana na huo, kisha skimu ya wakulima wadogo ya Madibira. Mashamba haya yalivuta watu. Kijana aliyekuja kuwa kibarua alijifunza kupandikiza, akaona mtaro wa kutolea maji unavyopita na maji mazuri, akafungua majaruba yake (vipande vya mpunga vilivyozungushiwa tuta) pembeni. Eneo lililokadiriwa kuwa hekta 10,000 hivi mwaka 1970 likafika, kwenye miaka ya mwanzo ya 2000, kati ya hekta 20,000 na 40,000.

Hizo namba mbili za mwisho ni za kutazamwa vizuri, kwa sababu tofauti kati yake inatokana na mvua. Mwaka wa mvua nyingi mkulima anafungua jaruba la ziada. Mwaka mbaya analiacha. Mpunga wa Usangu unatanuka na kusinyaa pamoja na mto. Anayepanga mgawo wa maji kwa kutumia namba moja ya hekta ameshapotea kabla hajaanza.

Banio la magogo na banio la zege

Usangu mahali maji yanapokingwa na kuingizwa mferejini panaitwa banio. Banio la zamani lilikuwa la magogo, mawe, nyasi na udongo, limelazwa ndani ya mto. Lilivuja. Mafuriko ya kwanza ya masika yalilibomoa, na wakulima walirudi kulijenga upya, kazi ya siku kadhaa ndani ya maji baridi. Mhandisi akilitazama anaona upotevu mtupu. Lakini ule uvujaji ulikuwa na mwenyewe: ndio uliowafikia watu wa chini, na mwishowe Ihefu. Banio bovu lilikuwa linagawa maji bila mtu yeyote kukaa kikao.

Kuanzia miaka ya 1980, na kwa nguvu zaidi miaka ya 1990 kupitia miradi ya kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo, mabanio mengi yalijengwa kwa zege: ukuta unaokatisha mto, lango la chuma, mfereji mkuu uliopimwa. Nia ilikuwa njema, na wakulima walifurahi, kwani waliondokewa na kazi ngumu. Tatizo ni kwamba lango lile lilisanifiwa kwa mahitaji ya masika, wakati jaruba linalowekwa sawa linakunywa maji mengi mno. Kina cha milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Kulowesha udongo uliopasuka kwa ukavu, kuuvuruga na kuujaza maji ya kupandikizia kunaweza kuhitaji milimita 250, yaani mita za ujazo 2,500 kwa hekta, kabla mche haujaingia ardhini. Lazima lango liwe kubwa.

Sasa lango hilohilo liangalie Septemba. Mto umeshuka, pengine umebaki na sehemu ndogo tu ya maji yake ya Machi. Ukuta wa zege hauvuji. Lango lililotengenezwa kuchukua kipande cha mto wa masika linaweza kuumeza mto mzima wa kiangazi, na mara nyingi linaumeza kweli. Banio la magogo lisingeweza kufanya hivyo hata watu wake wangetaka.

Vibali vikaja kuongeza chumvi kwenye kidonda. Kwa sheria ya maji ya 1974 mtumiaji alipewa haki ya maji kwa kiasi cha lita kwa sekunde, mara nyingi namba moja kwa mwaka mzima, na kulipia ada. Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji ilianza kazi 1993, mwaka uleule mto ulipokatika, ikarithi mfumo huo. Kwenye mito kadhaa, ukijumlisha haki zilizoandikwa, unapata maji mengi kuliko yaliyomo mtoni kiangazi. Na mtu aliyelipia lita zake kwa sekunde ana hoja akisema: nimelipa, nachukua. Karatasi yake haikumwambia kwamba Oktoba mto hauna hizo lita.

Maji ya kiangazi yanafanya nini mferejini?

Hapa ndipo kisa kinaponiuma, kwa sababu mpunga umeshavunwa. Mavuno mengi yanamalizika kufikia Juni au Julai. Kwa nini malango yabaki wazi Agosti?

Kwa sababu watu wanakunywa. Vijiji vingi vilikaa kando ya mifereji, na mfereji ukawa bomba la kijiji. Ndoo za kupikia zinatoka humo, kufulia ni humo, ng'ombe wananyweshwa humo, tofali zinafyatuliwa kando yake, na bustani ndogo ya mboga inamwagiliwa humo. Mfereji ukifungwa, mama wa kijiji cha mwisho hana maji, na hakuna mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji atakayekubali kubeba lawama hiyo.

Tupige hesabu ya mfano. Kijiji kina watu 2,000, kila mmoja anatumia lita 40 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 80. Ili ndoo hizo zifike mwisho wa mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa, tuseme lango limeachwa na lita 100 kwa sekunde. Kwa siku moja zinaingia mita za ujazo 8,640. Kijiji kimetumia chini ya asilimia moja. Zilizobaki zimezama njiani, zimemwagika kwenye majaruba yaliyovunwa, zimelowesha mabua, zimepanda hewani na jua la Septemba. Hazikuzalisha hata debe moja la mpunga. Mita hizo hizo zingeachwa mtoni zingekuwa zinakwenda Ihefu.

Ndiyo maana ninashika msimamo kwamba mpango wa maji ya kunywa ni mpango wa umwagiliaji, hata kama serikalini vimekaa kwenye mafungu tofauti ya bajeti. Kisima kirefu chenye pampu katika kijiji cha mwisho wa mfereji kinaruhusu lango kufungwa miezi minne. Sijui uwekezaji mwingine Usangu ambao kwa gharama ileile ungerudisha maji mengi hivyo mtoni. Watafiti wa mradi wa SMUWC, mradi wa usimamizi endelevu wa ardhioevu ya Usangu na vyanzo vyake, uliofanya kazi huko kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na 2001, walilieleza jambo hili wazi: chanzo kikuu cha mto kukatika ni maji yanayochukuliwa na mifereji wakati wa kiangazi. Mifugo na ukataji miti havikuwa chanzo kikuu, na ng'ombe waliohesabiwa walikuwa wachache sana kuliko waliokuwa wakitajwa kwenye hotuba.

Bado kuna Ihefu. Watafiti waliokokotoa mizania ya maji ya kinamasi walipata kwamba, ili Ng'iriama itoke nusu tu ya mita ya ujazo kwa sekunde muda wote wa kiangazi, lazima kinamasi kiingize wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde, karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo. Ziingie saba, itoke nusu. Zilizobaki zinanywewa na jua na majani ya kinamasi. Hii ina maana kwamba kuokoa maji kidogo hakutaonekana hifadhini hata kidogo. Mkulima wa Chimala anaweza kufunga lango lake kwa uaminifu, akasikia redioni kwamba mto umekauka vilevile, akajiona mjinga. Ni lazima wafunge wengi, kwa wakati mmoja, mwaka baada ya mwaka, ndipo kizingiti kifurike.

Umeme ulivyovuruga mjadala

Mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kwa pamoja ni megawati 284, na miaka ya 1990 hiyo ilikuwa sehemu kubwa sana ya umeme wa gridi ya taifa. Mgawo wa umeme ulipoanza kuwakera watu wa Dar es Salaam, macho yalielekea Usangu. Ruaha umekauka, Mtera imeshuka, taa zimezimika: mnyororo unaeleweka kirahisi, lakini hesabu zake hazikubali.

Mtera inaweza kuhifadhi takribani mita za ujazo bilioni 3.2 za kuzalishia umeme. Tuseme mto uliokatika ungekuwa unapeleka mita za ujazo 3 kwa sekunde kwa siku 90. Hizo ni milioni 23 na ushei. Haifiki hata sehemu moja ya mia ya bwawa. Bwawa linajazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi ni uhai wa viboko, samaki na utalii, wala hayawashi taa. Watafiti waliopitia uendeshaji wa mabwawa hayo mawili miaka ya mwanzo ya 1990 waliona pia kwamba maji yaliruhusiwa kutoka Mtera wakati Kidatu ingeweza kutegemea mito yake ya karibu, na mengine yakamwagika bila kupita kwenye mitambo.

Kwa haki, upande wa pili nao usemwe. Mpunga wa masika unapunguza maji ya Mtera kuliko mifereji ya kiangazi. Hekta 30,000 zikipoteza kina cha mita moja kwa msimu ni mita za ujazo milioni 300, ingawa sehemu yake ni mvua iliyonyesha papo hapo jarubani. Hiyo si ndogo. Lakini hayo ni mazungumzo mengine kabisa: chakula cha nchi dhidi ya umeme wa nchi, na mchele wa Mbeya una thamani yake. Kuyachanganya mazungumzo hayo mawili kulifanya kila anayetaka kumtoa mtu Usangu apate sababu.

Na watu walitolewa. Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba serikali inaunga mkono mpango wa kuhakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 ikaanza operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao Ihefu na Usangu; makundi ya ng'ombe yakasafirishwa hadi mikoa ya Lindi na Pwani, wengi wakafia njiani, familia zikafilisika. Kisha eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, hifadhi ikapanuka hadi zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2010 ulifika. Mto uliendelea kukatika. Ng'ombe walikuwa wameshaondoka, malango ya mifereji yalikuwa palepale.

Upotevu ambao si upotevu

Neno ambalo halikosekani kwenye mipango ya umwagiliaji ni ufanisi. Sakafia mfereji, usipoteze maji, utapata akiba ya kurudisha mtoni. Usangu inafundisha kwenda taratibu.

Wakati wa masika, maji yanayozidi jaruba la juu hayapotei. Yanashuka jaruba la pili, la tatu, yanaingia mtaro wa kutolea maji, na kwenye mtaro huo kuna mkulima mwingine aliyekinga. Mitaro ya mashamba makubwa imelisha mamia ya wakulima wadogo wasio na kibali chochote. Ukipima skimu moja moja unaona upotevu mkubwa. Ukipima bonde zima unaona tone moja limetumika mara kadhaa. Mfereji ukisakafiwa juu, maji yaliyookolewa hayaendi Ihefu. Mwenye mfereji anafungua majaruba mapya, na yule wa kwenye mtaro anabaki na udongo mkavu. Hakuna aliyevunja sheria, na mto haukupata kitu.

Kiangazi mambo yanageuka. Hakuna jirani anayesubiri kwenye mtaro. Maji yanayotoka mferejini yanakwisha hewani. Kwa hiyo shilingi ya kuokoa maji iwekwe kiangazi, na masika waachwe wagawane kama wanavyojua, ilimradi sehemu ya mto ipite kila banio.

Kugawana kwenyewe kunawezekana. Mradi wa RIPARWIN, uliounganisha Chuo Kikuu cha Sokoine, taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, IWMI, na Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, ulileta vijijini mchezo wa bonde: ubao mkubwa ulioinamishwa, umechorwa mto, una vishimo pembeni kuwakilisha mashamba, na gololi za kioo zinazoachiwa kutoka juu ndizo maji. Wachezaji wanaweka vijiti kukinga gololi kuelekea mashamba yao. Raundi ya kwanza wa juu wanajaza, wa chini wanakaa na vishimo vitupu na kuanza kulalamika kwa sauti. Mkulima wa juu akipelekwa kukaa chini, haongei tena yale aliyoyaongea asubuhi. Baada ya hapo zinaanza kuzungumzwa zamu, siku kwa siku, banio kwa banio, na watu wenye mamlaka ya kuzitekeleza, kwa sababu wao ndio walioshika lango.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka maji ya matumizi ya nyumbani kwanza, na mahitaji ya mazingira yakifuata, kabla ya matumizi mengine. Kwenye karatasi, basi, viboko wa Msembe wako mbele ya jaruba. Kinachohitajika ni kibali chenye namba mbili, ya masika na ya kiangazi, na ile ya kiangazi iandikwe kama sehemu ya mto uliopo siku hiyo, isiwe lita za kudumu. Pia ukuta wa zege uachiwe pengo chini, lisilo na lango, ambalo hakuna mlinzi wa zamu anayeweza kuliziba usiku.

Gumu zaidi ni Oktoba na Novemba. Mkulima anayewahi kumwagilia kitalu cha miche kwa maji ya mwisho ya kiangazi ndiye anayewahi sokoni, wakati mchele umeadimika na bei iko juu. Kwake, wiki sita za kuwahi ndizo ada ya shule ya watoto. Ukimwambia asubiri mvua ya Desemba, umemwondolea fedha halisi, na fedha hiyo imekwenda kwa watu wengine: hoteli za hifadhini na watalii wao. Hifadhi inakusanya viingilio kila siku. Sehemu ya viingilio hivyo ichimbe visima vya vijiji vya mwisho wa mifereji, na imlipe fidia mkulima wa kitalu cha Oktoba kwa kila msimu anaokubali kuchelewa. Ombi hilo lipelekwe kwa bodi ya bonde likiwa na majina ya mabanio na tarehe za kufunga.